Meniska ya ndani imechanika, miaka 46, kazi ya mlimani: nianze mazoezi au nikubali upasuaji wa matundu?

MteremkoMweka (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Naomba wanaoyajua magoti wanisaidie kabla sijasaini fomu ya upasuaji.

Miaka 46, kilo 84, kazi ni kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Goti la kulia linauma upande wa ndani tangu mwezi wa pili. Sikuanguka wala kuteguka. Maumivu yalianza wakati wa kushuka na kesho yake goti likavimba. Kupanda si tatizo kubwa. Kushuka ngazi, kuchuchumaa chooni na kujigeuza kitandani ndiko kwenye shida. Linatoa sauti ya "tk", na mara nyingine ni kama linataka kukwama, ila nikilitikisa linaachia.

Majibu ya MRI: mpasuko wa mlalo, pembe ya nyuma ya meniska ya ndani (ile gegedu iliyo kati ya mifupa ya goti), daraja la 3, maji kidogo kwenye kiungo, kano zote nzima.

Daktari wa kwanza anataka kupunguza kipande kwa matundu madogo, anasema wiki mbili niko kazini. Wa pili anasema mazoezi tiba miezi mitatu kwanza. Tatizo ni kwamba nimeshafanya wiki tatu (kupashwa joto, kuinua mguu mara kumi kumi kitandani) na sioni tofauti.

Je, mpasuko unaweza kupona bila kukatwa? Na nikichelewa, nitaharibu zaidi? Msimu unaanza Juni.

---

PajaKwanza (fiziotherapia, Moshi)

Pole sana mkuu. Umeeleza vizuri, tuanze na hiyo karatasi.

"Daraja la 3" huwatisha watu bure. La 1 na la 2 ni mabadiliko yaliyobaki ndani ya gegedu. La 3 maana yake yamefika kwenye uso wake, na hapo ndipo neno mpasuko linapoanza kutumika. Halikwambii kwamba goti limekwisha. Mpasuko wa mlalo ni kama andazi ulilolipasua kwa ubavu ukapata tabaka la juu na la chini. Kwa mtu wa umri wako ambaye hakuteguka, huo ni uchakavu. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa 2008, ulipiga MRI magoti ya watu 991 wa miaka 50 hadi 90 waliochukuliwa tu mtaani. Kati ya waliokutwa na mpasuko, asilimia 61 hawakuwa na maumivu yoyote ya goti mwezi uliotangulia. Kwa hiyo mpasuko kwenye picha na maumivu kwenye goti si lazima viwe mtu na mwanawe.

Kabla ya lolote, pima kama goti linakwama kweli. Lala kifudifudi, mapaja yote yaungwe na kitanda, kuanzia magotini mguu uning'inie nje. Legeza. Mtu akae nyuma yako aangalie visigino: kipi kiko juu? Kila sentimita moja ya tofauti ni takriban nyuzi 1 za kunyooka ulizopoteza. Sentimita 1 au 2 ni kawaida kwa goti lenye maji. Zikifika 5 au zaidi, na ukilisukuma goti linyooke linadunda kama kuna mpira katikati, acha kusoma hapa, nenda kwa daktari wa mifupa wiki hii. Linalotoa "tk" na kuachia lenyewe halijakwama.

Sasa hizo wiki tatu. Nasema kwa heshima: kupashwa joto na kuinua mguu mtupu mara kumi si tiba ya goti hili. Goti likiwa na maji, mishipa ya fahamu huuzima msuli wa mbele wa paja. Hauchagui, unazimika tu. Paja linasinyaa, goti linakosa breki, kila ngazi unayoshuka uzito unatua kwenye gegedu, maji yanaongezeka. Mduara huo haukatwi na joto. Chukua futi ya cherehani, weka alama sentimita 15 juu ya ukingo wa juu wa kifuu cha goti, zungusha kwenye paja zote mbili ukiwa umelegeza misuli. Tofauti ikizidi sentimita 2 hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Mpango wenye ushahidi ni wiki 12, siku 2 hadi 3 kwa wiki, mzigo ukipanda. Wanorwe walichapisha 2016 majaribio ya watu 140, wengi wa umri wako, mpasuko kama wako: nusu walikatwa kipande, nusu walifanya mazoezi wiki 12. Baada ya miaka miwili hali zao hazikupishana kwa kiasi cha maana, na katika miezi ya mwanzo waliofanya mazoezi ndio waliokuwa na paja lenye nguvu zaidi.

Wiki 1 na 2 kazi ni kuuamsha msuli na kupunguza maji. Kunja taulo, weka chini ya goti, ligandamize kwa nyuma ya goti huku umekaza paja, hesabu tano, achia. Mara 10, mizunguko 3, kila siku, hata mara mbili kwa siku. Kama kifuu cha goti hakipandi juu kuelekea pajani unapokaza, bado hujakaza. Kisha weka kisigino juu ya kanga kwenye sakafu laini, kivute kuja makalioni mpaka pale panapoanza kukaza, kirudishe. Ukipata baiskeli ya kusimama, dakika 10 bila uzito.

Wiki 3 hadi 6: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kutumia mikono, kupanda ngazi ya sentimita 15, kuinua nyonga ukiwa chali, kunyanyuka kwa vidole. Marudio 8 hadi 12, mizunguko 3. Marudio mawili ya mwisho yawe magumu kweli. Kama kwenye mzunguko wa mwisho ungeweza kuongeza mawili tena, siku inayofuata ongeza mzigo. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, liweke kwenye begi mgongoni. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanabaki na uzito uleule miezi mitatu.

Wiki 7 hadi 12 ni mguu mmoja mmoja, na mfalme wao ni kushuka ngazi. Simama juu ya kizingiti cha sentimita 15 kwa mguu mbovu, mzima uning'inie mbele. Kunja goti ukihesabu mpaka tatu, kisigino cha mguu mzima kiguse sakafu kama kinagusa yai, usikitulie, rudi juu. Fanya mbele ya kioo. Goti likikimbilia ndani kupita kidole gumba, kimo ni kikubwa mno kwako, shuka hadi sentimita 10.

Kuhusu maumivu, jipe alama 0 hadi 10 wakati wa zoezi. Mpaka 5 endelea, ilimradi yawe yameshuka kesho asubuhi. Yakizidi 5, au goti likiamka limejaa, hukosei kufanya mazoezi, umekosea kipimo. Punguza mzigo kwa theluthi, usiache. Kuangalia maji: futa kwa kiganja upande wa ndani wa goti kuelekea pajani, kisha telezesha kiganja upande wa nje kushuka chini. Kidimbwi kikijitokeza tena upande wa ndani, bado yamo.

Kuchuchumaa kabisa acha mpaka wiki ya 6 hivi, kwa sababu goti likipita nyuzi 90 pembe ya nyuma ndiyo inayobanwa, na ndiko ulikopasukia. Kwa choo cha shimo, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinatosha.

---

UziNaSindano (upasuaji wa mifupa, Arusha)

Naunga mkono hapo juu, naongezea upande wa chumba cha upasuaji.

Mkuu, watu wanachanganya mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. Kuna KUKATA na kuna KUSHONA. Uliza ni kipi kabla hujasaini, na kiandikwe kwenye fomu.

Meniska inapata damu ukingoni kwa nje tu, kama theluthi ya upana wake. Kipande cha ndani hakina damu, na pasipo damu uzi haushiki. Kwa hiyo kushona ni kwa mpasuko wa wima ulio karibu na ukingo, mbichi, mara nyingi kwa kijana aliyeteguka uwanjani. Anayeshonwa anatembea na magongo wiki 4 hadi 6, goti halikunjwi kupita nyuzi 90 kwa muda huohuo, kuchuchumaa na mzigo ni baada ya miezi 4, mpira miezi 6. Na hata hivyo, ukifuatilia kwa miaka mitano na zaidi, takriban mshono 1 kati ya 5 hufeli. Wanaovunja masharti ya kukunja wanaongeza idadi hiyo.

Wewe wa mlalo, wa uchakavu, miaka 46, unachoahidiwa ni kukata. Dakika 20 au 30, matundu mawili, unarudi nyumbani siku ileile. Ni rahisi, na ndiyo maana upasuaji huo umefanywa mno duniani. Wafini walichapisha 2013 majaribio ya watu 146 wa miaka 35 hadi 65. Nusu walikatwa kipande. Nusu walipewa ganzi, wakatobolewa ngozi, vyombo vikasikika vikifanya kazi, lakini hakikukatwa kitu. Hawakujua nani ni nani. Mwaka mmoja baadaye, maumivu yalikuwa sawa. Mwaka 2017 jopo lililoandika katika BMJ, jarida la tiba la Uingereza, likapendekeza kwa nguvu kutofanya upasuaji wa matundu kwa karibu wagonjwa wote wa goti la uchakavu, hata wenye mpasuko kwenye MRI na hata wale ambao goti linatoa "tk".

Sababu inaeleweka. Kisu hakizibi uchakavu. Unapotoa kipande unapunguza eneo la kubeba uzito. Mzigo uleule unakaa mahali padogo zaidi. Daktari Fairbank wa Uingereza alishaonyesha 1948 jinsi mifupa ya goti inavyobadilika kwa waliotolewa meniska yote. Siku hizi tunatoa kidogo, lakini kanuni ni ileile.

Ile "wiki mbili" ni ya mtu wa mezani. Anayeshuka mlima hesabu wiki 6 au zaidi, na bado atahitaji mazoezi yaleyale ya paja. Kisu hakikupunguzii hiyo kazi.

Wakati gani nasema upasuaji usicheleweshwe? Goti lililokwama kweli halinyooki: huenda kipande kimepinduka katikati kama mpini wa ndoo. Hapo tunataka kuingia ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi, na tafadhali asichuliwe wala kuvutwa na mtu, mpini huo ndio unaoweza kushonwa na ukivutwa unachanika vipande. Wa pili ni kijana aliyeteguka goti likajaa ndani ya saa mbili. Hiyo mara nyingi ni damu, na kano ya msalaba inaweza kuwa imekatika pamoja. Wa tatu ni mpasuko wa mzizi, pale meniska inapofungwa kwenye mfupa. Halafu, nje ya habari ya meniska, goti la moto, jekundu, lenye homa: hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

Na kijana asiyekwama naye si lazima akimbilie kisu. Wadenmaki walichapisha 2022 watu 121 wa miaka 18 hadi 40. Walioanza na mazoezi wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye hawakuwa nyuma ya waliopasuliwa mapema, na robo tu ndio waliokuja kuomba upasuaji.

Jambo moja dogo ambalo watu wanaliruka: eksirei. Ipigwe UKIWA UMESIMAMA, magoti yote mawili, yamekunjwa kidogo. Ya kulala inaficha nafasi iliyokwisha kati ya mifupa. Kama nafasi imekwisha, mjadala wa meniska umeisha, tunazungumzia kusagika kwa goti zima na kukata kipande ni kupoteza pesa.

---

MteremkoMweka

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimejipima. Kisigino kimepishana sentimita 2, hakidundi. Paja la kulia limepungua sentimita 2.5. Maji yanarudi upande wa ndani baada ya sekunde chache. Eksirei niliyo nayo ni ya kulala.

Vipi sindano ya steroidi na vidonge vya maumivu vya diklofenaki ili niwahi Juni?

---

UziNaSindano

Sindano inaweza kutuliza kwa wiki chache, haijengi kitu. Nafasi yake ni pale maumivu yanapokuzuia hata kukaza paja: moja, kisha mazoezi yaanze ndani ya wiki hiyohiyo. Isirudiwe kabla ya miezi 3. Na kama kuna mpango wa upasuaji usichomwe ndani ya miezi 3 kabla yake, hatari ya maambukizi inapanda.

Vidonge: siku 5 hadi 7, baada ya kula, dozi aliyokuandikia daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo asiviguse bila kuulizia. Diklofenaki ya kupaka ni salama zaidi na kwa goti inafanya kazi kwa sababu kiungo kiko karibu na ngozi. Juu ya mlima nakusihi usivimeze ili umalize safari. Mwili umekauka maji, figo ndizo zinazolipa, na maumivu uliyoyanyamazisha ndiyo yangekwambia upunguze hatua.

---

FimboMbili (Marangu)

Kwa upande wa kushuka. Tatizo la njia ya Mweka ni hesabu tu: kutoka mita 5,895 hadi kambi iliyo karibu mita 3,100 siku moja, zaidi ya mita 2,700 za breki, kesho yake nyingine 1,400 hivi mpaka getini, na sehemu kubwa ni matope na mizizi. Goti lenye paja lililopungua sentimita 2.5 halijaiva kwa hilo, hata kama kupanda halilalamiki.

Usirudi kwa tarehe, rudi kwa vipimo. Kimoja: mguu mbovu ushuke kizingiti cha sentimita 20 mara 20 mfululizo, goti likielekea sawa na vidole, maumivu yasizidi 2. Kingine: kaa na kusimama kwa mguu mmoja, mbovu ufikie angalau 9 pale mzima unapofanya 10. Kisha saa mbili za mteremko bila goti kujaa kesho yake.

Ngazi ya kupanda mzigo: tambarare dakika 40 mpaka siku tatu mfululizo bila kuvimba, kisha mteremko bila begi (waliopo Arusha, mlima Suye unatosha kabisa, Moshi, barabara za kushuka kutoka Kibosho), kisha kilo 5, 10, 15. Kila hatua wiki moja. Wagumu (wapagazi) wanaobeba mpaka ule ukomo wa kilo 20 wasiruke hata moja.

Fimbo mbili, si moja. Tambarare kiwiko kiwe nyuzi 90. Wakati wa kushuka ziongeze sentimita 5 hadi 10, ziguse chini KABLA ya mguu. Hatua fupi, goti limekunjwa kidogo muda wote. Wanaoshuka wakiwa wamenyoosha goti na kukanyagia kisigino, na wale wanaokimbia mavumbi chini ya Stella, karibu na kilele, ndio wateja wa baadaye wa daktari hapo juu.

Safari ya kwanza iwe ya Marangu kama kampuni inakubali, mteremko wake ni wa taratibu zaidi.

---

DadaSakina (Arusha)

Samahani kuingilia. Mama ana miaka 58, alikuwa anainuka kutoka kigodani akasikia "pa" nyuma ya goti, tangu hapo hawezi hata kufika barabarani kupanda kifodi. Kumwelekeza kwenye mazoezi haya haya ni sawa?

---

UziNaSindano

Dada, mama asianze hayo ya mzigo bado. Mlio mmoja nyuma ya goti wakati wa kuinuka au kushuka ngazi, kwa mama wa umri huo, maumivu makali ghafla: ni mzizi wa meniska ya ndani mpaka ithibitike vinginevyo. Mzizi ndio unaoifunga meniska kwenye mfupa. Ukichomoka, meniska inasukumwa nje kama kamba iliyofunguka upande mmoja, na goti linabeba uzito kana kwamba halina meniska kabisa. Linaweza kusagika ndani ya miezi.

Eksirei ya kusimama, kisha MRI, na mwombe anayesoma picha aandike mambo mawili: mzizi wa nyuma ukoje, na meniska imetoka nje milimita ngapi. Kuanzia 3 ni nyingi. Kama gegedu za mifupa bado nzima na miguu haijapinda sana, mzizi unaweza kufungwa upya kwa uzi unaopitishwa ndani ya mfupa, na hilo lina faida kufanywa mapema. Kama goti lilishasagika, upasuaji huo haumsaidii. Atatibiwa kama mwenye goti la kusagika.

Mpaka hapo atembee na gongo, alishike mkono wa UPANDE MZIMA, kinyume cha goti linalouma. Wengi wanalishika upande wa goti bovu na mzigo unabaki palepale. Kigoda akiweke kando, akae kiti cha juu.

---

PajaKwanza

@MteremkoMweka kwa vipimo vyako, maji yanarudi haraka, kwa hiyo wiki hii ni taulo, kanga na baiskeli tu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 baada ya mazoezi. Ngazi usiiguse mpaka kidimbwi kipungue. Paja lipime kila Jumatatu asubuhi, alama ileile ya sentimita 15, uandike. Ukiweza kushuka kilo 4 kati ya hizo 84 itasaidia sana, kwa sababu kila kilo unayopunguza inaliondolea goti takriban kilo 4 kwa kila hatua.

Wiki ya 6 njoo na namba: paja, visigino, na mara ngapi umeshuka kizingiti. Kama paja linaongezeka na maumivu hayajasogea hata kidogo, ndipo tutarudi kwa daktari na eksirei ya kusimama mkononi.

---

MteremkoMweka

Nimeelewa. Fomu sijaisaini. Kesho napiga eksirei ya kusimama, Jumatatu naandika namba ya kwanza. Juni nimewaachia wenzangu, naangalia Septemba.